Kondo la Nyuma Ndani ya Kopo la Urembo

Mzazi wa Ntobeye, katika milima ya Ngara ipakanayo na Rwanda na Burundi, ajifunguapo mikononi mwa mkunga wa zahanati, kondo lake la nyuma hutazamwa kwanza kama limetoka zima, maana kipande kidogo kikisalia ndani huweza kumvuza damu hata kumwua; kisha hutiwa katika shimo la kondo, lililojengewa na kufunikwa, na habari yake ikaishia hapo. Wahenga wa Buganda, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, walilihesabu kuwa pacha wa mtoto, wakalizika penye shina la mgomba. Basi ana haki ya kustaajabu msomaji aingiaye saluni akakuta dawa ya nywele au mafuta ya uso yameandikwa plasenta kwa herufi za kumeremeta, kwa kuwa kinachotajwa ni kitu kile kile, ingawa aghalabu siku hizi ni cha kondoo au nguruwe. Na kwa Mwislamu hilo la nguruwe si jambo dogo.

Kondo lina uzito wa takriban nusu kilo, nalo, maadamu mtoto yumo tumboni, humpatia chakula na hewa kutoka katika damu ya mama, na hutengeneza homoni za estrojeni na projesteroni. Kutokana na hayo wafanyaji wa vipodozi wa Marekani, katika miaka ya 1940, walitoa hoja kwamba kilicholea kiumbe hakitashindwa kuurudishia ujana uso uliokunjamana. Serikali yao iliwapinga, ikisema kwamba kitu kidaiwacho kuponya au kubadili mwili ni dawa, wala si pambo. Wafanyabiashara hawakukosa hila: waliziondoa homoni, wakalibakiza jina, wakaanza kusifia protini.

Hapo, kwa rai yangu, ndipo hoja yao ilipojibomoa yenyewe. Tabaka la juu la ngozi ni la seli zilizokufa, zilizoshikamana ili kuzuia vitu vya nje visipenye, na protini ni kubwa mno kuweza kupita. Hubaki juu juu, zikailainisha ngozi kwa muda, kazi ambayo mafuta ya nazi huifanya kwa thamani ndogo na bila majigambo.

Ama homoni zikiwa hazikuondolewa, hasara ni kubwa kuliko fedha iliyopotea. Mwaka 1998 ilichapishwa huko huko Marekani taarifa ya kitabibu juu ya wasichana wadogo, wenye asili ya Afrika, walioanza kuota matiti kabla ya wakati baada ya kupakwa dawa za nywele zenye homoni au kondo; na dawa zilipoachwa, matiti yakanywea. Na kondo la binadamu lina hatari ya pekee, kwani laweza kuchukua virusi vya homa ya ini na vinginevyo. Ndiyo sababu sheria ya Umoja wa Ulaya imeharimisha katika vipodozi chochote kitokacho katika mwili wa mtu, na Japani, ambako sindano za kondo zingali zikitumika, tangu 2006 aliyechomwa hakubaliwi kutoa damu.

Sisemi kwamba kondo halina faida kwa tabibu. Utando wake laini uliomzunguka mtoto hufunikia majeraha ya moto tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na ya jicho pia, lakini huko mama huombwa idhini, damu yake hupimwa, na daktari hujua anatibu nini. Saluni haina hata moja katika hayo.

Kwetu Tanzania usimamizi wa vipodozi, uliokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, na huko ndiko pa kupeleka shaka. Nawe, bibi ununuaye, soma maandishi madogo nyuma ya kopo. Ukiona neno plasenta, muulize muuzaji ni ya mnyama gani na homoni zake zimeondolewa au la, na asipojua, rudisha kopo rafuni. Kichwani mwa binti mdogo usipake dawa hiyo kabisa.