RANGI MBILI SIYO PEREMENDE, MSHIKAJI!

Wiki hii mwenzenu naandika kwa aibu, ila bora tuambiane ukweli.

Ilikuwa hapa hapa Mpanda, Makanyagio. Koo linawasha, Jumamosi kuna harusi na sare nimeshashona. Nikaingia duka moja la dawa: "Kaka, nipe rangi mbili za buku." Jamaa wala hakuuliza mgonjwa ni nani, akanikatia vidonge sita vya amoksilini. Nikameza vinne, Jumapili nikajiona niko fiti. Viwili vikalala mkobani.

Wiki iliyofuata mtoto wa dada yangu, miaka minne, akabanwa na kifua. Mimi, daktari wa mtaa, nikafungua kimoja nikamkorogea kwenye uji. Homa ikatulia siku moja, halafu ikarudi na hasira. Usiku wa manane tukakimbia naye hospitali, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nimonia! Dada hakunisemesha siku tatu.

Nesi akaniita pembeni. "Dada, unajua ulichompa?" Nikabaki natoa macho. Basi nikaanza kuulizia na kusoma, na nilichokipata ni hiki.

Mwaka 1928 Alexander Fleming, kule London, aliona ukungu unaua bakteria. Ndiyo penisilini. Tatizo, asidi ya tumbo iliivuruga, ndiyo maana wazee wetu wanaikumbuka zaidi kwa sindano ya PPF, ile ya kukalia upande mmoja! Mwaka 1959 watafiti wa kampuni ya Beecham, Uingereza, wakatangaza wamepata kiini chake peke yake. Jina lake fupi ni 6-APA.

Fikiria fundi baiskeli. Fremu ni moja, akifunga keria ni ya mizigo, akifunga kiti cha sponji ni ya abiria. 6-APA ndiyo fremu. Ukungu unatengeneza penisilini, kimeng'enya kinaikata mkia, inabaki fremu, kisha kiwandani wanafunga mkia mpya. Mkia huu, unapata ampisilini, iliyoingia sokoni 1961. Mkia ule, amoksilini, ya 1972. Hizo tumbo haliziwezi kirahisi.

Ndani ya fremu kuna pete ya pembe nne. Hiyo ndiyo inayomzuia bakteria kujenga ukuta wake, mwisho anapasuka. Lakini wapo bakteria wajanja, wana mkasi wa kuikata pete. Kila ukimeza ovyo unaua wanyonge, wenye mikasi wanabaki wanazaana. Na koo langu lile? Koo nyingi za mafua ni virusi, na virusi havina ukuta huo. Kwa hiyo inawezekana nilipona mwenyewe, rangi mbili ikapewa sifa ya bure!

Mtoto je? Alichomwa ampisilini pamoja na dawa nyingine, siku zote alizoandikiwa, akapona. Umeona? Fremu ni ile ile niliyompa mimi kwenye uji. Tofauti ni kwamba safari hii alipimwa, akapewa kipimo chake, na dozi ikaisha.

Siku hizi ukiniona harusini koo limekauka, niletee chai ya tangawizi. Mkobani nina kitana na nauli tu. Tukutane wiki ijayo!