Bahati Ametoka, Bahati Imetoka: Utani wa Majina ya Wachezaji Nakivale na Mbarara

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yamepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali huishi humo, na wengi wao huelewana kwa Kiswahili, hata kandokando ya uwanja wa kandanda. Makala haya yanachunguza mzaha unaozuka jina la mchezaji linapotajwa, na yanadai kuwa mara nyingi mzaha huo hubebwa na kiambishi kimoja tu.

Majina kama Bahati, Furaha, Riziki, Shida na Mateso ni ya kawaida huko Kivu. Tuseme mshambuliaji Bahati amebadilishwa. "Bahati ametoka" ni taarifa ya mchezo. "Bahati imetoka" ni msiba wa timu nzima, na mashabiki wa upande wa pili watashangilia. Ngeli ya watu humlinda mwenye jina, ilhali ngeli ya vitu hulirudisha jina kuwa neno. Mtani hodari zaidi hukwepa kitenzi kabisa: "Bahati nje!"

Mwenyeji wa Mbarara hahitaji kufafanuliwa sana. Jina Mugisha lina maana ya baraka, nalo ni ndugu wa karibu wa Bahati. Kinyankore pia kina ngeli. Lakini yapo majina magumu zaidi. Tibesigwa maana yake ni "hawaaminiki", na kwa desturi maneno ya namna hiyo huwasema majirani, si mtoto. Kipa mwenye jina hilo akifungwa bao, kejeli iliyokusudiwa wengine humwangukia yeye.

Hapa ndipo penye uzito. Utani, kama tunavyoufahamu Afrika Mashariki, una wenyewe: babu na mjukuu, mashemeji, makabila yaliyokubaliana kutaniana. Mkimbizi na karani hawana mkataba huo. Mateso huenda alizaliwa njiani, vita vikiwa nyuma ya mama yake. Mchezaji mwenzake akisema "Mateso yamerudi", wote wawili hucheka. Maneno hayohayo kwenye dirisha la usajili ni tusi, hata kama msemaji ameteleza tu kisarufi.

Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mafunzo ya lugha kwa makarani, walimu na waamuzi wanaohudumia makazi haya yatenge somo la upatanisho wa majina ya watu, tena mapema, kabla ya msamiati wa ofisini: Mateso amefika, Shida ameitwa, Riziki amesajiliwa.