Kiwanja cha Sintetiki Uani: Joto, Maji na Jua la Wete

Kiwanja cha sintetiki, yaani sakafu ya mchezo iliyotengenezwa kwa plastiki, mpira au rangi ya akriliki badala ya udongo na nyasi za asili, huuzwa kwa sifa inayowavutia sana wakazi wa pwani, nayo ni kustahimili joto. Sifa hiyo ni ya kweli, ila inakihusu kiwanja zaidi kuliko mchezaji: polipropilini, plastiki inayotumika katika vigae vingi vya viwanja, huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho jua haliwezi kuifikisha, ilhali unyayo wa mtoto anayecheza pekupeku huungua kwenye joto dogo sana kuliko hilo. Mwenye nyumba wa Wete, kisiwani Pemba, anayetaka kuigeuza sehemu ya uani iwe kiwanja cha kikapu au netiboli anapaswa basi kujua kwanza sakafu hiyo itakuwa moto kiasi gani alasiri, watoto wanapotoka chuoni.

Wete iko nyuzi tano hivi kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na mbingu zikiwa wazi adhuhuri kila mita ya mraba hupokea wati 1,000 hivi za nishati. Sakafu hurudisha fungu moja la nishati hiyo na kulimeza lililobaki, na rangi ndiyo mgawaji mkuu: mpira mweusi humeza karibu yote, rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa, ingawa nyeupe tupu humpiga mchezaji macho, kwa hiyo kijivu chepesi, buluu iliyopauka na rangi ya mchanga ndizo zinazofaa zaidi. Aidha, karibu nusu ya nishati ya jua hufika kwa mionzi isiyoonekana, na wapo watengenezaji wanaochanganya rangi zenye madini yanayoirudisha mionzi hiyo, ili sakafu iliyokoza rangi ipate joto dogo kuliko nyingine inayofanana nayo kwa macho. Mnunuzi ana haki ya kudai vipimo vya jambo hilo, maana ndilo linalomfaa mchezaji.

Nyasi bandia ndizo zinazoshika joto kali zaidi, kwa sababu hazina unyevu unaoyapoza majani hai na mara nyingi katikati yake humwagwa chembechembe nyeusi za mpira. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, katika jimbo la Utah nchini Marekani, waliupima mwaka 2002 uwanja wa aina hiyo uliokuwa na nyuzi 79. Walipoumwagilia maji joto lilishuka hadi 29, lakini baada ya dakika 20 lilikuwa limekwisha kupita tena 70. Kumwaga maji, basi, ni kununua dakika chache tu. Vigae vya polipropilini vinavyofungana, vya namna inayotumika katika kikapu cha watatu kwa watatu, mchezo ulioingia Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, navyo hupata moto juani, lakini ni vyembamba, vina matundu na hewa hupita chini yake, hivyo hupoa upesi jua linapoegemea magharibi. Akriliki iliyopakwa juu ya zege haina nafuu hiyo, kwani zege huweka joto la mchana na kulitoa polepole hadi usiku.

Vigae vina tabia moja ambayo fundi asiyevizoea huipuuza: hutanuka kwa joto mara kumi au zaidi kuliko zege, kiasi kwamba safu ya mita 10 ikiongezewa nyuzi 30 huweza kurefuka kwa sentimita 3. Visigandishwe kwa gundi wala kubanwa na ukuta, la sivyo huinuka katikati.

Hata hivyo, maji huharibu viwanja vya Wete kuliko jua. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde chenye mvua nyingi kuliko Unguja, na kiwanja cha mita 15 kwa 10 kikinyeshewa milimita 50 za masika hukusanya lita 7,500, ambazo zikiachwa zijitafutie njia huishia kwenye msingi wa jirani aliye chini. Kwa hiyo jamvi la zege hupewa mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea upande mmoja tu, na mwishoni hujengwa mfereji. Mwenye tangi huyafaidi maji hayo. Kabla ya zege, udongo wa juu huondolewa, kifusi humwagwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kisha hutandikwa nailoni ya kuzuia unyevu na wavu wa chuma, ndipo zege la sentimita 10 limwagwe na kuwekwa maji kwa siku saba au zaidi. Mchanga wa ufukweni haufai, kwa kuwa chumvi yake huleta kutu. Atakayepaka akriliki angoje siku 28, vinginevyo unyevu unaotoka ndani ya zege utainua rangi malengelenge. Anayebania zege ili apate vigae vya bei kubwa anajenga kinyume.

Uani ni mahali pa sitara, wasichana wanapoweza kucheza bila kutazamwa na wapita njia, lakini ukuta mzima huzuia pepo za kaskazi na kusi, ambazo hupoza bila gharama. Matofali ya matundu, yakijengwa juu ya kimo cha mtu, hulinda sitara na kupitisha hewa. Mti upande wa magharibi hutoa kivuli cha alasiri. Mwembe ulio karibu mno, hata hivyo, huinua zege kwa mizizi.

Nyumba yenye mikarafuu ina sababu ya ziada ya kuchagua vigae. Msimu wa mavuno ukifika, vigae hufunguliwa, jamvi likafagiliwa na kuoshwa, karafuu zikaanikwa juu ya zege tupu; kuzianika juu ya plastiki si busara, kwani mafuta ya karafuu huzilainisha baadhi ya plastiki.