Kamera ya Kwanza ya Mtafiti wa Miswada

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtafiti mchanga, mwenye fedha chache, awezavyo kuchagua kamera yake ya kwanza ya kazi. Tunamfikiria hasa yule anayekwenda Lamu, Pate au Mombasa kupiga picha za miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Miswada mingine ya namna hii ingali majumbani mwa watu, ikiliwa na wadudu na kuharibiwa na unyevu. Mwenye mswada huenda akakubali kuufungua mara moja tu. Picha zikiwa mbaya, yamkini fursa ya pili isipatikane.

Katika hati hizo herufi be, te na the zina umbo moja, na hutofautishwa kwa nukta tu: be ina moja chini, te mbili juu, na the tatu juu. Tena wanakili wengi wa zamani waliitumia be hiyo hiyo kwa sauti za b, p na mb, hata msomaji hulazimika kukisia ilhali mswada wenyewe umo mkononi mwake. Picha isiyoonyesha kama alama fulani ni nukta ya wino au ni tundu la mdudu humwongezea kisio juu ya kisio. Kamera na ipimwe kwanza kwa jambo hili.

Wauzaji hupenda kutaja idadi ya megapikseli. Tufanye hesabu. Kamera ya megapikseli 12, yenye picha ya pikseli 4288 kwa 2848, ikipiga ukurasa mmoja wa ukubwa wa A4, hutoa pikseli zaidi ya 340 kwa kila inchi. Kiwango kinachotumiwa sana katika kunakili maandishi ni 300. Kamera ya megapikseli 24 hufikia kama 480. Kuwa nazo si vibaya, lakini ni kosa kuzinunua kwa fedha ambazo zingenunua lenzi nzuri.

Kwa maoni yetu, fedha nyingi ziende kwenye lenzi. Lenzi ndogo ya milimita 50 isiyovuta, ambayo tundu lake hufunguka hadi f/1.8, ni miongoni mwa zilizo rahisi kwa bei, nayo hutoa picha kali. Lenzi ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera aghalabu hufikia f/5.6 tu katika urefu kama huo. Tofauti yake ni kwamba ile ya kwanza huingiza mwanga takriban mara kumi. Faida hii itaonekana usiku, mtafiti akipiga picha za ngoma au za malenga akighani ukumbini penye taa hafifu. Kwa ukurasa wa mswada mambo ni kinyume: tundu lifungwe hadi f/8, ili ukurasa uliojikunja uonekane wote vizuri, na kamera ikae imara juu ya stendi ya miguu mitatu, umbali wa karibu mita moja. Mtafiti asiye na stendi hajakamilisha ununuzi wake. Flashi haihitajiki, mwanga wa dirisha usiopigwa na jua moja kwa moja watosha.

Kamera yenyewe inaweza kuwa iliyokwisha kutumika. Canon na Nikon zilipoanzisha mifumo yao ya RF na Z mwaka wa 2018, kamera zisizo na kioo ndani, wapiga picha wengi walianza kuuza zile zenye kioo, nazo zinafaa sana kwa kazi yetu. Lakini mnunuzi awe macho. Lenzi za Canon za mfumo wa EF, ulioanza mwaka wa 1987, zina mota ndani yake. Kwa upande wa Nikon, kamera za bei nafuu kama D3400 hazina mota, kwa hiyo lenzi zake za zamani za AF zisizo na mota zitahitaji kulengwa kwa mkono. Mnunuzi aulize pia kamera imekwisha kupiga picha ngapi, kisha aimulike lenzi kwa tochi: nyuzi nyembamba kama za buibui ndani ya kioo ni kuvu, na lenzi ya namna hiyo isinunuliwe hata kwa bei ya kutupa.

Je, simu haitoshi? Kwa ukurasa mmoja mchana kweupe, pengine yatosha. Shida ni kwamba programu za simu nyingi hunoa na kulainisha picha zenyewe bila kumwuliza mpigaji, na nukta hafifu ndiyo ya kwanza kuathirika. Kamera huweza kuhifadhi picha ghafi, yaani RAW, ambayo rangi yake husahihishwa baadaye. Hili ni muhimu kwa miswada ambayo mnakili alichanganya wino mweusi na mwekundu.

Pwani ina unyevu mwingi. Lenzi ihifadhiwe katika chombo kinachofungika vizuri, pamoja na vipakiti vya silika, navyo vibadilishwe vikishalowa. Picha zinakiliwe mahali pawili jioni ile ile, na nakala moja apewe mwenye mswada.