Tangi Lako Litachukua Samaki Wangapi?

Mkulima, wewe uliyepewa ekari zako chache walijua jambo hili vyema: malisho yanayotosha ng'ombe watatu hayafai kutiwa ng'ombe kumi. Samaki wa tangini nao wana mpaka wao, ila mpaka huo hauonekani kwa macho, na hiyo ndiyo sababu watu wengi hupata hasara.

Tunasema habari za tangi ambalo maji yake hayamwagwi, bali huvutwa na pampu, hupitishwa katika chujio, kisha hurudishwa kwa samaki. Ikiwa shamba lako lina kijito kisichokauka, chimba bwawa. Ni rahisi zaidi. Tangi la namna hii lamfaa mwenye maji machache na umeme wa kutegemewa.

Samaki akila hutoa amonia, nayo ni sumu kwake. Ndani ya chujio mna kokoto, na juu ya kokoto huota utelezi. Usiusugue ukatakata! Utelezi huo ni vijidudu vyenye kazi: vingine huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na vingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo.

Basi usianze kwa kuhesabu samaki wala lita za maji. Jiulize kwanza: kwa siku moja, ni kilo ngapi za chakula zitaingia tangini?

Kilo moja ya chakula chenye protini 32 kwa mia huleta amonia gramu 30 hivi. Maji yakiwa na joto, mita moja ya mraba yenye utelezi husafisha kama gramu 0.3 kwa siku. Kwa hiyo kilo moja ya chakula yataka mita 100 za mraba. Usishtuke, kokoto za upana wa sentimita 2 zikijaza sanduku la mita moja kila upande, nyuso zake zote zikijumlishwa ni kama mita 150 za mraba. Chujio hilo lasafisha kilo moja na nusu ya chakula kwa siku, wala si zaidi.

Sasa tuseme umetia vifaranga 500 wa tilapia, kila mmoja gramu 10. Wote pamoja ni kilo 5, nao hula robo kilo tu kwa siku. Wakifika gramu 100 wamekuwa kilo 50, na wakila 3 kwa mia ya uzito wao, hiyo ni kilo moja na nusu. Hapo chujio limefika mwisho wa nguvu zake. Wakifika gramu 300 ni kilo 150, na hata ukiwapa 2 kwa mia tu, hula kilo 3. Hukuongeza samaki hata mmoja, lakini kazi ya chujio imekuwa maradufu! Ndipo mtu huamka asubuhi akawakuta wanaelea, soko li karibu na deni la chakula halijalipwa.

Kwa hiyo ama jenga sanduku la pili la kokoto mapema, ama uza nusu yao wangali wadogo. Ukiona samaki wanapanda juu kuvuta hewa, usiwape chakula siku hiyo, na ubadili sehemu ya maji.

Chujio jipya halina vijidudu vya kutosha. Huchukua majuma 4 mpaka 6 kukomaa, na zaidi penye baridi. Kwa wakulima wa nyanda za juu kama Kinangop, hesabu yetu ya gramu 0.3 ni kubwa mno. Maji ya bomba yenye klorini huua vijidudu, basi yaache wazi kwanza mpaka klorini itoke. Mavi ya samaki nayo yatuame katika pipa kabla ya kufika kwenye kokoto, yasije yakaziziba.

Vijidudu hupumua kama samaki: kwa kila gramu ya amonia hutumia zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Umeme ukikatika, samaki na chujio hukosa hewa pamoja, na katika tangi lililojaa saa moja yaweza kutosha kuwamaliza. Jenereta ndogo na iwe tayari, yenye mafuta, kabla hujanunua kifaranga cha kwanza. Maji machafu ya pipa usiyatupe. Yamwage kwenye sukuma wiki.