Mara 675 za Kwenye Boksi

Juma hili nalipa deni. Msikilizaji mmoja ameniandikia kwamba amepita dukani akaona darubini ya kutazamia nyota imesimamishwa juu ya boksi lake, na ubavuni mwa boksi pameandikwa kwa tarakimu kubwa kwamba inakuza mara 675. Ana mtoto wa darasa la sita anayependa sana mambo ya angani. Anauliza: je, mara 675 zinatosha, au avumilie, aendelee kuweka akiba mpaka apate yenye mara nyingi zaidi?

Ndugu yangu, kabla hujatia mkono mfukoni, nisikilize. Mara 675 hizo hazitoshi wala hazizidi. Hazipo.

Darubini ina sehemu mbili zinazofanya kazi. Kwanza kuna kioo kikuu, ambacho hukusanya mwanga na kutengeneza taswira ndogo ya kitu kilicho mbali. Pili kuna lenzi ya jicho, yaani kale kakopo kanakochomekwa pale unapoweka jicho lako. Hiyo ndiyo inayoichukua ile taswira ndogo na kukukuzia. Watu wengi wakinunua darubini huuliza habari za kioo, huuliza habari za miguu, lakini lenzi ya jicho huichukulia kama kizibo cha chupa. Kumbe kila unachokiona angani lazima kipite hapo.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua urefu wa fokasi wa darubini, ugawanye kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho, ambao huandikwa ubavuni mwake. Darubini ya msikilizaji wetu ina kioo chenye upana wa milimita 114 na fokasi ya milimita 900. Ukichomeka lenzi ya milimita 25, unapata mara 36. Ukichomeka ya milimita 10, unapata mara 90. Ndani ya boksi lile, pamoja na hizo, mna kilenzi cha milimita 4, ambacho kinatoa mara 225, na kibomba cha plastiki kinachoitwa lenzi ya Barlow, cha kuzidisha mara tatu. Basi 225 mara 3 ni 675. Mwenye kiwanda hakukosea hesabu hata kidogo. Alichonyamazia ni kwamba kioo cha milimita 114 hakina uwezo wa kuubeba ukuzaji huo. Kanuni wanayoifuata watazamaji wa nyota ni kwamba usivuke mara mbili ya upana wa kioo kwa milimita. Kwa darubini hii ni mara 228, na hapo ni usiku ambao hewa imetulia kabisa. Kupita hapo ni sawa na kulipuliza puto lililochorwa picha: picha inatanuka, rangi inapauka, na hakuna kipya kinachoonekana. Kutoka mara 90 kwenda mara 675, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo lililo kubwa zaidi mara 56. Lazima giza liingie.

Jambo hili silisemi kwa kusoma vitabu tu. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2018, Afrika Mashariki tuliuona mwezi ukipatwa wote mpaka ukawa mwekundu, na mjini kila mtu alikuwa akizungumza habari za angani. Siku chache baadaye mwalimu mmoja wa fizikia wa shule ya sekondari alinijia. Shule yake ilikuwa na darubini ya msaada, ya aina hiyohiyo ya milimita 114, iliyokaa stoo miaka mingi. "Mzee," akaniambia, "naona kioo kimeoza. Haionyeshi kitu. Nataka niifute kwenye daftari la mali, lakini njoo uitazame kwanza."

Nilikwenda jioni moja ya Agosti. Saa mbili na nusu usiku Zohali, ile sayari yenye pete, ilikuwa juu kabisa, karibu na utosi. Wanafunzi kama arobaini walikuwa wamepanga foleni uwanjani. Mwalimu alikuwa amekwisha kuchomeka ile lenzi ya milimita 4 pamoja na Barlow yake, maana, alisema, ndiyo yenye nguvu. Nikachungulia. Nikaona doa la kijivu linatetemeka kama taa iliyo chini ya maji, likakata uwanja wa kuonea, likatoka. Sekunde kama kumi na tano hivi. Mwalimu akailenga tena, akamwita mtoto wa kwanza. Mtoto alipoweka jicho, Zohali ilikuwa imekwenda zake. Alipofika wa tano, wenzake wa nyuma walikuwa wameketi kwenye majani wanacheka.

Nikaving'oa vyote viwili. Nikachomeka lenzi ya milimita 25: Zohali ndogo kama punje ya mchele yenye masikio, lakini imetulia. Kisha nikatoa mfukoni lenzi yangu ya milimita 10, ya aina ya Plössl. Kwa mara 90 pete ilionekana imejitenga, na pengo jeusi kati yake na sayari. Binti aliyekuwa mbele alitazama, akanyamaza, halafu akazunguka hadi kwenye mdomo wa darubini kuchungulia kama tumebandika picha humo ndani. Foleni ikasimama upya. Kioo hakikuwa kimeoza.

Hiyo lenzi ya Plössl si kitu cha ajabu. Ilibuniwa na fundi wa Vienna, Georg Simon Plössl, mwaka 1860. Ni jozi mbili za lenzi zinazotazamana, na mpaka leo inauzwa kwa makumi machache ya dola. Lakini msikilizaji wetu ataniuliza: mbona kuna lenzi za jicho zinazouzwa dola mia tatu, mia nne, nyingine zikikaribia elfu, yaani bei ya darubini yenyewe na zaidi? Wanaozinunua wamerogwa?

La hasha. Ila wengi hawajui wanalipia nini. Hawalipii nguvu. Lenzi ya milimita 10 ya bei kali inakuza sawasawa na lenzi ya milimita 10 ya bei poa. Wanalipia uwanja, yaani upana wa ile duara ya anga unayoiona ukiweka jicho. Galileo alipoelekeza darubini yake angani mwaka 1609, uwanja ulikuwa finyu kiasi kwamba hakuweza kuuona mwezi mzima kwa mara moja. Alilazimika kuutazama vipande vipande. Plössl hukupa uwanja wa nyuzi kama 50, na ukitazama unajihisi uko ndani ya bomba. Sasa Marekani kulikuwa na mtaalamu wa lenzi, Al Nagler, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi ya kutengeneza vioo vya mitambo iliyotumika kuwafundishia wanaanga wa Apollo, mitambo ambayo ilibidi imwonyeshe mwanafunzi anga pana kama anayetazama dirishani. Mwaka 1977 alianzisha kampuni ya Tele Vue, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatoa lenzi ya jicho yenye uwanja wa nyuzi 82. Mwaka 2007 kampuni hiyo ikatoa ya nyuzi 100. Ukitazama kwenye lenzi hizo, kingo za bomba zinasogea mbali hata unazisahau.

Faida yake kwa foleni ya watoto ni kubwa, nami niliipima usiku uleule. Dunia inazunguka, na darubini ya shule haina mota ya kuifuata nyota. Kwa Plössl ya mara 90, Zohali ilichukua dakika mbili na kidogo kukata uwanja wote. Nilikuwa na lenzi nyingine ya milimita 9, ya nyuzi 82, niliyoinunua mtumba baada ya kujibana miezi kadhaa (mama watoto mpaka leo hajui bei yake, na leo hii naomba redio iwe imezimwa nyumbani). Kwa hiyo, Zohali ilikaa dakika tatu na nusu. Mwalimu akalenga mara moja, wakapita watoto watano au sita bila darubini kuguswa. Lakini niseme ukweli: katikati ya uwanja, Zohali ya lenzi ya ghali haikuwa safi kuliko ya Plössl. Nilibadilisha mara tatu, nikamwita mwalimu naye atazame. Hakuna aliyeona tofauti.

Tofauti ingejitokeza kwenye darubini fupi. Gawanya fokasi kwa upana wa kioo: 900 kwa 114 ni karibu 8. Darubini ya namna hiyo ni mpole, inavumilia lenzi za kawaida. Ikiwa jibu ni 5 au 4, miale inaingia kwenye lenzi imeinama sana, na lenzi pana ya bei ya chini inazivuta nyota za pembeni kuwa vistari. Hapo ndipo lenzi ya ghali inapokula haki yake.

Sasa kuna jambo ambalo lenzi yangu ya mtumba haikuliweza. Alikuwepo kijana mmoja mwenye miwani. Lenzi nyingi za fokasi fupi zinataka jicho lisogee karibu sana. Plössl ya milimita 10 inadai milimita kama 7 tu, na kioo cha miwani hakiachi nafasi hiyo. Hata ile ya milimita 9 ilimshinda. Asiyeona mbali anaweza kuvua miwani na kuirekebisha fokasi ya darubini, basi yamekwisha. Lakini huyu macho yake yalikuwa na kasoro ya kupinda, ambayo fokasi haiirekebishi. Nikakumbuka ujanja wa zamani: nikachukua lenzi ya milimita 25, ambayo jicho linaweza kukaa mbali nayo, nikaipandisha juu ya Barlow yangu ya kioo, ya kuzidisha mara mbili. Mara 72, miwani usoni, pete akaiona. Barlow ile ilikuwa kitu cha bei nafuu kuliko vyote mfukoni mwangu. Mwenye miwani akitaka lenzi moja tu ya kudumu, aulize zinazoruhusu jicho kukaa milimita 15 hadi 20. Zipo, na hizo ningemshauri azilipie kabla ya kulipia uwanja mpana.

Kuna kitu kimoja nitakachosema kwa ukali. Darubini nyingine za zamani zilikuja na kidude cha kioo cheusi au kijani cha kufungia kwenye lenzi ya jicho ili utazame jua. Ukikikuta, kivunje leo. Kinakaa pale ambapo joto la jua lote lililokusanywa na kioo kikuu linakutana. Kikipasuka, jicho linaungua papo hapo, na sehemu ya jicho inayopokea picha haina hisia ya maumivu, kwa hiyo hutajua mpaka umechelewa. Kichujio cha kweli hufunika mdomo wote wa mbele wa darubini. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, kivuli kikipita Luxor na Makka, na huku kwetu litamegwa kwa sehemu. Najua darubini nyingi zitatolewa stoo siku hiyo.

Ama kuhusu utunzaji, sisi wa pwani adui yetu ni unyevu. Kuvu huota juu ya lenzi kama utando wa buibui, na ukiliachia hula lile tabaka jembamba la rangi ya zambarau au kijani linalopunguza mng'ao. Weka lenzi kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vipya. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi ikashika mvuke, iache, itakauka yenyewe. Usiifute kwa kanga wala ncha ya shati, maana vumbi letu lina mchanga, na mchanga kwenye kioo ni msasa. Puliza kwa kipampu cha mpira, si kwa mdomo.

Basi, ndugu yangu uliyeniandikia. Ikiwa miguu ya darubini ile haiyumbi, na bei unaimudu, inunue. Lenzi ya milimita 4 na Barlow ya plastiki ziache ndani ya boksi, wala usimwonyeshe mtoto. Anza na ile ya milimita 25, kwenye mwezi na kwenye Kilimia. Halafu agiza Plössl moja ya milimita 10. Kabla ya kuagiza, pima tundu linapoingia lenzi: kipimo cha kawaida ni milimita 31.7; zile za kizamani za kitoto zilikuwa 24.5, na kubwa ni 50.8. Lenzi pana za kipimo hicho kikubwa zipo zinazokaribia kilo moja, na darubini yako itainamisha kichwa. Mwakani, mtoto akiwa bado anakuamsha usiku, ndipo tuzungumze habari za nyuzi 82. Ukiinunua hiyo, hata darubini ukiibadilisha itahamia kwenye mpya.

Usishangae tu ukiona pete za Zohali ni nyembamba. Mwezi Machi 2025 zilitugeuzia ukingo, na zinachukua miaka kadhaa kufunguka tena kama zilivyokuwa usiku ule wa shuleni.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza habari za miguu ya darubini, maana hiyo nayo ina kesi yake.