Kamera mpya imeingia nyumbani, ile ya zamani tuitoe?

Leo naomba tuweke kando mambo ya mapenzi na majirani wanaokopa chumvi bila kurudisha. Kuna jambo limezua ubishi mkubwa kwenye kijiwe chetu cha wapiga picha, na kwa upande wangu limefika mpaka chumbani. Mtu ukishanunua kamera kubwa, ile ndogo ya zamani uiuze au ubaki nayo?

Usicheke. Kijiweni watu nusura washikane mashati. Kundi la kwanza lilisema kamera isiyofanya kazi ni fedha iliyolala kabatini, uza haraka kabla haijashuka bei. Kundi la pili likajibu kwamba kamera ni kama mke, bi mkubwa hafukuzwi eti kwa sababu bi mdogo ameingia. Mimi nina mke mmoja na sina mpango wa kuongeza, kwa hiyo mfano huo niliuacha palepale. Swali lenyewe ndilo nililolibeba hadi nyumbani, maana lilikuwa linanihusu.

Kwa miaka mingi nimekula mkate wangu kwa Canon EOS 600D, kamera iliyotoka mwaka 2011. Ina megapikseli 18 na kioo cha nyuma kinachofunguka na kugeuka pande zote. Imepiga kipaimara, maulidi, mahafali ya chekechea, na pasipoti zisizo na idadi. Sasa nimepata EOS 5D Mark IV ya mwaka 2016, ya mkono wa pili. Si unajua, tangu Canon walete EOS R mwaka 2018, wapiga picha wengi wenye uwezo wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na hizi zao za zamani zinatufikia sisi akina yakhe kwa bei inayosogeleka.

Mpya ni mashine kweli, sitaki kuwa mnafiki. Megapikseli 30, picha saba kwa sekunde, na nafasi mbili za kadi, kwa hiyo kadi moja ikifa katikati ya harusi bado nakala nyingine ipo. Ndani ya ukumbi wenye taa za rangi rangi na mwanga wa kubahatisha, inaona pale ambapo ile ndogo inaleta chengachenga tupu.

Lakini hebu tupande kwenye mizani. Ile 600D na betri yake ni gramu 570, na lenzi iliyokuja nayo ni kama gramu 200. Jumla gramu 770, pakiti ya sukari ya kilo moja inaishinda. 5D Mark IV na betri na kadi ni gramu 890. Ukiifunga lenzi ya milimita 24 hadi 70 ya f/2.8, toleo la pili, unaongeza gramu 805, tayari umekaribia kilo moja na gramu 700. Tia na ile ndefu ya 70 hadi 200, yenye karibu kilo moja na nusu, unatembea na kilo tatu na ushee begani. Hapo sijataja flashi wala chupa ya maji. Simama na mzigo huo tangu saa nane mchana kanisani mpaka saa sita usiku ukumbini, halafu uje uniambie bega linasemaje.

Na uzito si jambo la wavivu, kama wanavyodhani vijana. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz huko Wetzlar, Ujerumani, alikuwa na pumu. Kamera za siku hizo zilikuwa masanduku ya sahani za kioo, na kuzipandisha milimani kulikuwa mateso kwake. Akaunda kamera ndogo ya kutumia mkanda wa milimita 35, nayo ikaingia sokoni mwaka 1925 kwa jina la Leica. Kwa hiyo kamera ndogo tunayoidharau leo ina asili yake kwenye kifua cha mtu aliyechoka kubeba.

Sasa turudi nyumbani. Mama watoto alichangia kununua hiyo kubwa kwa mkopo wa kikoba chake, na marejesho yaliyobaki ni shilingi laki nne. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo akaiangalia 600D yangu, akaigeuza geuza kama anayenunua embe, akasema laki tatu na nusu, taslimu.

"Baba watoto," mwenzangu akaniambia usiku, "wewe una macho mawili, kamera mbili za nini? Kikoba hakijui sanaa."

Kwa kweli hoja yake ni nzito kuliko lenzi zangu zote. Deni la kikoba ni aibu ya mwanamke mbele ya wenzake. Akichelewesha marejesho, jina linalosomwa kwenye kikao ni lake, si la kamera. Mtu mwenye deni linalozaa riba, na kamera ya pili hana kazi nayo, auze na alipe. Hilo halihitaji kijiwe.

Ila mimi nilikuwa na mambo matatu ya kumweleza kabla sijajibu.

La kwanza ni akiba. Mpiga picha wa kulipwa mwenye kamera moja ni kama dereva wa basi asiye na tairi la spea. Siku moja kwenye sendofu Tabata, mtoto alipita mbio na glasi ya soda, akaimwaga yote juu ya kamera ya kazi. Nikaizima papo hapo, nikatoa betri, nikaifunga kwenye taulo. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa ameshainua kisu cha keki. Nilitoa 600D kwenye begi, nikaipachika flashi, kazi ikaendelea. Wale waliolipa hawakujua kama kuna kilichotokea. Sherehe hairudiwi, na hakuna kamati itakayokubali maelezo ya soda.

La pili ni mama yangu mzazi, yuko Muheza, umri umekwenda. Ukimtolea ile kubwa, anaacha kila kitu. Anavuta khanga vizuri, anakunja mikono, anakaza uso kama yuko mbele ya hakimu. Picha inatoka safi, kila mkunjo unaonekana, lakini aliyemo si mama yangu. Ile ndogo naiweka mapajani, nafungua kioo chake kikatazama juu, tunapiga soga za shamba na za marehemu baba huku namtazama usoni. Akicheka, kidole kinabonyeza. Kioo cha nyuma cha 5D Mark IV hakigeuki, kimeganda mahali pake, kwa hiyo lazima uinue mtambo mpaka jichoni na kujificha nyuma yake. Picha za mama akicheka tunazo tatu tu, zote za kamera ndogo. Sijui Mungu ametupangia safari ngapi nyingine za Muheza, lakini sipendi kwenda huko nikiwa na chombo kinachomnyamazisha.

La tatu ni barabara. Kwenye daladala ya jioni inayobanana, au kwenye bodaboda, kubeba kilo tatu za lenzi shingoni ni kujitangazia ngawira. Ile ndogo inaingia kwenye kibegi cha kawaida chini ya shati la kubadilisha.

Najua kuna msomaji anauliza, sasa simu inafanya kazi gani? Swali zuri. Mchana kweupe, picha ya kutuma kwa shangazi, simu inatosha na wala sibishani. Lakini nipe flashi ya kuelekeza darini, nipe lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 yenye gramu 160, uone. Lenzi hiyo inakaa kwenye kamera zangu zote mbili. Na kwa kuwa kihisio cha 600D ni kidogo, kinaikata picha kwa mara 1.6, milimita 50 inakuwa kama 80, kipimo kitamu sana kwa sura ya mtu. Gramu 730 kwa jumla, nayo ni studio inayotembea.

Nisiwafiche upande wa pili. Lenzi za EF-S, kama ile iliyokuja na 600D, haziingii kabisa kwenye 5D. Za EF ndizo zinazokaa kote. Betri nazo ni mbali mbali, kwa hiyo chaja ni mbili na kelele za "nani kachomoa?" ni mara mbili. Na kwenye giza la ukumbi, ile ya zamani bila flashi ni kujidhalilisha.

Basi nikamwomba mama watoto siku 30. Kila siku niliandika kwenye daftari kamera niliyotoka nayo na kwa nini. Mwezi ulipoisha tulihesabu pamoja. Kubwa siku tisa, zote za kazi ya fedha. Ndogo siku kumi na moja, yaani sokoni, msibani, kwa watoto, Muheza. Siku kumi zilizobaki sikubeba chochote. Mwenzangu akalitazama daftari muda mrefu. "Kumbe hailali," akasema. "Haya, lakini deni?"

Hapo ndipo tulipopata njia. Kuna dogo mmoja namfundisha kazi, ana jicho zuri na hana kamera. Tukakubaliana aichukue 600D kila Jumamosi anayopata kazi ndogo, ubatizo au mahafali, na alete elfu arobaini. Jumamosi kumi za kazi ni laki nne, yaani kikoba chote. Fedha hazipiti mkononi mwangu, anampelekea mama watoto moja kwa moja, naye anazo kumbukumbu kwenye daftari lilelile. Mpaka naandika safu hii ameshaleta mara sita, na marejesho hayajawahi kuchelewa. Yule wa Kariakoo alitaka kunipa laki tatu na nusu kisha mlango ufungwe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na kila mtu aupime kwa mfuko wake. Uza kama umepitisha miezi mitatu bila kuigusa, kama unadaiwa na haikuingizii kitu, au kama lenzi zake hazishirikiani na chochote ulichonacho. Usisubiri, maana bei ya kamera hizi inashuka kila mwaka. Baki nayo kama unapiga picha za kulipwa, kama kuna watu au mahali ambapo kubwa inaharibu mambo, au kama kuna kijana wa kuanza nayo.

Na ukibaki nayo, usiifungie kwenye boksi kama kitenge cha harusi. Joto na unyevu wa Dar es Salaam, na pwani yote, huotesha ukungu ndani ya lenzi, na ukungu ukishakula kioo hakuna kitambaa kitakachousafisha. Weka kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Toa betri, iache na chaji ya nusu. Kila mwezi itoe, ipige picha kadhaa, ione mwanga. Kitu kisichotumika hufa kimya kimya.

Hayo ndiyo yangu. Leo ni Ijumaa, dogo amepiga hodi anaulizia chaja, kesho ana ubatizo Mbagala. Mama watoto ndiye aliyemfungulia mlango, na nimemsikia akimwambia asisahau kufunga mkanda wa begani. Kazi kwako, msomaji. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.